Kisu cha Daktari na Upele wa Mbwa wa Mama

Mume wangu na mama yangu wameishi parseli moja, kiwanja kimoja, kwa miaka mingi na hawajawahi kutazamana machoni. Msidhani wamegombana. Ni bukwe tu. Sisi ni watu wa asili ya Kasai, babu zetu waliletwa Katanga kuchimba shaba, na pamoja na masanduku yao walikuja na bukwe: heshima ya mwanamume kwa mama wa mke wake, heshima kali mpaka inawachosha wasiohusika. Hawali pamoja. Hawapeani mkono. Hawataji mambo ya mwili mmoja akiwa karibu na mwingine. Mama akimwona mume wangu anatoka kuoga, anageukia ukuta na kuukagua kama fundi aliyeitwa kuupaka rangi. Mume wangu akitaka kupita uani, anakohoa kwanza, kisha anainama na kuzunguka nyuma ya jiko, utadhani amekuja kuiba nyumbani kwake mwenyewe.

Na wakiwa na neno la kuambiana, nani analipeleka? Minye, mimi hapa!

“Ambia mukwe yangu, paa ya chumba yangu inavuja,” mama anasema, amekaa kwenye barza.

Mume wangu yupo pale pale, nyuma ya nguzo. Amesikia. Jirani amesikia. Paa lenyewe limesikia. Lakini anasubiri. Basi ninageuka na kusema, “Mama anasema paa inavuja,” ndipo anashtuka, jamani, anashtuka kabisa, eti habari ndiyo kwanza inafika. “Ambia mama, nitapanda kesho.” Na mama naye anasubiri nimwambie. Nimefanya kazi hiyo tangu baba afariki na mama ahamie kwetu Kikula, na mpaka leo haijanizoea wala sijaizoea.

Mama alikuja na godoro, sufuria zake, kuku wake na mbwa. Mbwa alikuwa dume la rangi ya udongo wa hapa, mwenye sikio moja lililochanika, na mama alikuwa amempa jina la shemeji yake mmoja asiyempenda. Kwa hiyo jina hilo sitaliandika. Watoto wa huyo shemeji wanajua kusoma. Mchana kutwa mbwa alilala mbele ya mlango wa mama, na ole wako ukipita na mfuko usioeleweka. Lakini jua likianza kushuka, alinyoosha mgongo, akaruka ukuta, akaenda kutafuta majike.

Alikwenda mbali, mwenzenu! Watu walimwona Kamatanda, kwenye machimbo, akitembea katikati ya wachimbaji kana kwamba naye anatafuta madini. Alirudi na majeraha, na baada ya muda majirani nao walianza kurudi na madai. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama ambaye tangu azaliwe hajawahi kunong’ona, alifika siku moja langoni na beseni kichwani. Akalitua. Ndani mlikuwa na watoto wa mbwa, wote wa rangi ya udongo.

“Njooni muone bajukulu yenu!” alipiga kelele avenyu nzima isikie. “Munaona hii sura? Munaona? Sasa mubalishe!”

Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Mama yeye alitoka, akainama juu ya beseni, akawatazama mmoja mmoja kwa raha. “Mbwa yangu iko na nguvu,” alisema, akarudi ndani.

Kilichoharibu mambo ni siku mbwa aliporudi amechanwa paja, na mume wangu akaanza kuogopa kichaa cha mbwa. Mume wangu ni makanika wa malori, yale yanayobeba mawe ya Kakontwe, na maishani mwake anaamini kwamba kila mashine inayosumbua ina kipande kimoja ambacho ukikitoa itatulia. Jioni ile aliniita kando.

“Huyu tumupeleke ku dokteri ya banyama. Akatwe.”

“Akatwe nini?”

Mume wangu alitazama kushoto, akatazama kulia, akaonyesha chini kwa kidole. Mama alikuwa upande wa pili wa ua, na mume wangu hakuweza kulitamka neno hilo katika hewa anayovuta mama.

“Ambia mama,” alisema.

“Ambia mwenyewe!”

“Minye? Nimuambie mukwe yangu mambo ya ile?” Alinitazama kama nimemwambia avue suruali sokoni. Basi, nani akaenda? Nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza: atachanjwa, na pia atahasiwa, hatazurura tena, hatarudi na kichaa, na jirani hatatuletea beseni. Mama aliacha kutwanga. Alifuta mchi kwa mkono, polepole.

“Parseli ni yake,” alisema. “Afanye.”

Mnaijua sauti hiyo. Kila mtu aliyezaliwa na mwanamke anaijua. Ni ruhusa inayokufanya utamani ungekatazwa.

Mbwa alikwenda, akarudi, na mambo yalikwenda vizuri. Alivishwa ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako shingoni ili asijilambe, akawa anagonga milango yote. Walioumia zaidi walikuwa wanaume wa avenyu yetu. Walikuja kumwona mbwa mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kilioni, wakasimama mbele yake wamekutanisha mikono mbele ya suruali. “Pole, kaka,” mmoja alimwambia, na hakuwa anatania. Gereji walimwita mume wangu majina ambayo hakutaka kunirudilia.

Kidonda kilipona. Mbwa akatulia kweli. Jua likishuka alibaki nyumbani, akanenepa kidogo, akajitafutia mahali pa joto nyuma ya banda la kuku akawa analala hapo. Mume wangu alifurahi. “Unaona?” alisema. Nikasema ninaona.

Halafu upele ukaanza.

Kwanza alijikuna masikio. Kisha akaanza kujing’ata mgongoni, pale mkia unapoanzia, mpaka manyoya yakatoka na ngozi ikabaki wazi, nyekundu, yenye vigaga. Alijisugua kwenye ukuta, kwenye nguzo ya barza, kwenye miguu ya wageni. Mlio wake wa kujikuna uliingia hata katika sala.

“Ni kisu,” mama alisema.

Jirani alipanda juu ya jiwe upande wake wa ukuta ili achangie. “Njo vile! Ile bintu njo inatumaka mafuta mu ngozi. Ukiitosha, ukiikata, mafuta inakauka, ngozi inakufa. Mbwa ya muyomba yangu ilikuwa vile vile.”

“Mjomba wako alimkata mbwa?” niliuliza.

“Hapana. Lakini ilikuwa na upele.”

Ndugu zangu, mtu huanza kujibu maneno kama hayo kutoka upande gani? Lakini avenyu nzima ilikubali. Wanaume ndio waliokubali haraka kuliko wote, maana walikuwa wakisubiri ushahidi. Hata padri mmoja aliyepita kumtembelea mama alimtazama mbwa, akatikisa kichwa, akasema Mungu aliumba kila kitu kwa sababu.

Mume wangu alisema ni upele wa kawaida. Alisema hivyo kwa mdomo, lakini niliona hagusi chakula chake. Alikuwa anauliza kila mtu gereji, na kila mtu gereji alimjibu kwamba ni kisu.

Kisha mama alinishika mkono, akaniingiza chumbani kwake. Sanduku lake lilikuwa juu ya kitanda, wazi, na ndani alikwisha kupanga vitenge.

“Ile mbwa ikikufa, minye napanda treni,” alisema. “Naenda kwa kaka yako.”

Kaka yangu yuko Kasai. Na treni ya Kasai tunaijua: siku ya kupanda unaijua wewe, siku ya kushuka anaijua Mungu. Mama ana miguu inayovimba akikaa tu kanisani. Nilimwuliza, mama, kwa ajili ya mbwa? Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto asiyeelewa.

“Mukwe hawezi kuniambia nitoke. Bukwe inamukataza. Basi ameanza na mbwa yangu, ili nielewe.” Alikunja kitenge kingine. “Nimeelewa.”

Niliapa kwamba si kweli. Nililia. Mama alinipa kitambaa cha kufutia pua na kuendelea kupanga. Nilipomwambia mume wangu, alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, akashika kichwa. “Ambia mama si vile,” alisema. “Ambia mama minye…” Akashindwa. Unamwambiaje mama mkwe kwamba unampenda, wakati hata huwezi kumwambia utapanda paani kesho? Nilikwenda nikasema, “Anasema si vile.” Mama alisema, “Nimesikia,” maana dirisha lilikuwa wazi.

Kwa hiyo uhai wa yule mbwa ukawa ndio uhai wa nyumba yetu. Kila nikitoka sokoni, ambako nina cherehani yangu na meza yangu ya kushonea, niliuliza habari za mbwa kabla ya kuuliza za watoto. Na habari zilikuwa mbaya, tena kila siku mbaya zaidi, na za ajabu.

“Sasa anatoka maji meusi,” mama aliniambia asubuhi moja, macho yamemtoka. “Meusi, yananata. Ni mwili wa ndani unaoza kwa sababu ya kisu.”

Jioni mume wangu akanivuta nyuma ya jiko. “Anatoka damu,” alisema kwa kunong’ona. “Mgongo wote mwekundu. Usimuambie mama.”

Kesho yake mama: maji meusi yameongezeka. Jioni mume wangu: damu imeongezeka. Nilimtazama mbwa mwenyewe nikaona kweli, ana weusi, ana wekundu, tena anateleza kama samaki na ananuka kitu nilichokijua lakini sikuweza kukitaja. Baadaye ukaja weupe. “Sasa ni usaha!” mume wangu alisema. Kuta zote zilikuwa na michoro ya mgongo wa mbwa. Nilichoka. Nilikuwa napeleka maneno asubuhi, narudisha maneno jioni, na mbwa kila siku ana rangi mpya.

Siku niliyopasuka ni siku ya gauni la harusi. Nilikuwa nimelileta nyumbani kumalizia pindo, jeupe, refu, la binti wa watu, nikalitundika kwenye barza. Nikaingia kunywa maji. Nikatoka. Mbwa alikuwa amesimama chini ya lile gauni, amefumba macho, anajisugua mgongo taratibu kutoka upande mmoja mpaka wa pili, anasikia raha kama mtu aliyepata likizo.

Sitaandika nilichosema. Jirani, ambaye hasikilizi ila mwenyewe akisema, siku ile alinyamaza. Nilichukua simu nikamwita dokteri, yule yule aliyemkata mbwa, na nikatangaza kwa sauti, nikiwa katikati ya ua, bila kumtazama mtu: “Kesho dokteri anakuja hapa! Kila mutu atakuwa hapa! Na minye sitapeleka neno la mutu!”

Alikuja kwa pikipiki, msichana mdogo mwenye buti za mpira na sauti ya mwalimu wa mazoezi. Mume wangu alikuwa amejibana kwenye pembe ya jiko, nusu bega likionekana. Mama alikuwa chumbani kwake, mlango wazi kidogo, ametugeuzia mgongo. Dokteri alikaa kwenye kigoda, akamlaza mbwa kati ya magoti, akasema kwa nguvu, ili kazi iende:

“Haya, tuone kwanza fasi ya makende.”

Chumbani kwa mama kitu cha bati kilianguka. Pembeni mwa jiko mume wangu alishikwa na kikohozi ambacho nilidhani kitamuua. Dokteri alishangaa. “Kuna mutu anaumwa hapa?”

“Hapana, dokteri,” nikasema. “Ni familia.”

“Kidonda kimepona muzuri sana. Hapa hakuna kintu.” Akachukua pamba, akaifuta mgongoni, akaitazama. Ilikuwa nyeusi. Akainusa. Akachukua nyingine: nyekundu. Akainusa. Akasugua vumbi jeupe kati ya vidole viwili. Kisha akanitazama mimi, kwa macho ambayo sikuyapenda kabisa.

“Mama, hii ni vidanji. Mafuta chafu ya injini.”

Kikohozi cha jikoni kilikatika ghafla.

“Na hii ni mawese na chumvi.”

Mlango wa mama ulisogea kidogo, ukafungwa nusu.

“Na hii ni chokaa. Munataka kumuponyesha ao munataka kumujenga?”

Sasa nikaelewa, na nikasimama pale mdomo wazi. Jioni mama akienda sala ya jumuiya, mume wangu alikuwa anatoka nyuma ya jiko na chupa yake ya vidanji kutoka gereji, anampaka mbwa kwa siri, ndiyo dawa ya upele ya kila makanika hapa. Asubuhi mume wangu akienda kazini, mama alikuwa anakuta maji meusi, anapiga magoti, anamwita Mungu kwa lugha ya babu, “Maweja!”, anayafuta na kumpaka mbwa mawese na chumvi. Jioni mume wangu anakuta damu, anazidisha vidanji. Asubuhi mama anakuta weusi umezidi, anaongeza chokaa ili ukauke. Kila mmoja alikuwa anatibu dawa ya mwenzake! Neno moja lingetosha. “Nimempaka mafuta.” Lakini lingepita wapi, ikiwa kila mmoja aliificha hata kwangu, ili mwenzake asijue kwamba anaogopa?

Nilitaka kuwapiga wote wawili. Kisha kicheko kikanishika, kibaya, cha kushika nguzo, na machozi ndani yake.

Dokteri hakucheka. “Mbwa anajilamba,” alisema. “Vidanji inachoma ngozi inje, halafu inamuua ndani. Mungeendelea, angekufa, na mungesema ni miye.”

Hapo sauti ya mama ikatoka nyuma ya mlango, ndogo, kavu. “Mutoto wangu, uliza dokteri. Ni kisu, ao si kisu?”

Jirani alitokeza kichwa juu ya ukuta. Niliapa sitapeleka neno la mtu, lakini hilo nililipeleka.

“Si kisu,” dokteri alisema. “Kumukata mbwa hakumupi upele. Mbwa wengine manyoya yao yanabadilika kidogo, yanakuwa laini, ao yanakawia kurudi pale tulinyoa. Wengine wananenepa, na mbwa munene ngozi yake inasumbua. Na kuna magonjwa ya ngozi yanatoka mule mule mu makende. Hayo ukikata, mara mingi yanapona. Lakini kujikuna namna hii? Hapa kuna mududu.”

Kutoka jikoni: “Uliza dokteri arudilie. Kwa nguvu kidogo.”

Alirudilia kwa nguvu. Pengine Kakontwe walisikia.

Kisha akakunja sikio la mbwa, lile zima, akaniita nione. Kwenye ukingo wa sikio, zimeshikana kama mbegu za ulezi, zilikuwa nukta nyeusi zisizotembea. “Viroboto vya kuku,” alisema. “Vinang’ang’ania. Mgongoni ni mate yao ndiyo yanamuwasha mpaka anajitafuna. Huyu analala wapi?”

Wote tulitazama nyuma ya banda. Zamani alikuwa anazurura. Usiku hakuwa nyumbani, viroboto vingempata wapi? Tangu akatwe alikuwa anakaa, na alipokaa, alikaa hapo.

“Basi ni kuku,” dokteri alisema. “Banda chafu. Kuku ni ya nani?”

Jirani alinyoosha shingo.

Kuku walikuwa wa mama. Kila mtu Kikula alijua ni wa mama. Aliwaleta mwenyewe, aliwalisha mwenyewe, na hakuruhusu mtu kugusa banda. Niliuona mlango wake usiotikisika, na nilijua nyuma yake kuna mwanamke mzee ambaye kwa majuma yote hayo alikuwa amemlaumu mtu, na sasa lawama inarudi mlangoni kwake, mbele ya mgeni, mbele ya jirani, na mbele ya mkwe. Kwetu hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Na nilijua jinsi mume wangu alivyoteseka. Wapo wanaume wa mji huu ambao wangepanda juu ya paa kutangaza.

“Ambia dokteri,” ilisema sauti kutoka pembe ya jiko, “ile kuku ni yangu.”

Mume wangu hajawahi kuokota yai maishani mwake! Jirani alifungua mdomo juu ya ukuta, na mimi nikamtazama kwa jicho ambalo lilimfanya aufunge.

Dokteri masikini hakujua kitu. Alimgeukia. “Papa! Weye njo chanzo ya yote! Mutu mukubwa namna hii, makanika, unashindwa kufagia banda ya kuku? Unataka bantu baseme miye nimeharibu mbwa?” Akamsomea somo zima: achome majani ya zamani, amwage majivu, apulizie dawa, mbwa aoshwe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, apakwe dawa, arudie tena na tena mpaka ngozi ifunge. Mume wangu, bega moja nje ya ukuta, alijibu kila kitu: “Ndiyo, dokteri. Nisamehe, dokteri. Ni makosa yangu, dokteri.”

Mlango wa mama ulifungwa kabisa.

Mama hakutoka jioni ile, wala asubuhi. Alikula chumbani. Nilichungulia: sanduku lilikuwa bado juu ya kitanda, limefungwa sasa, na kamba juu yake. Sikuthubutu kuuliza. Nilikwenda sokoni na moyo mzito kwelikweli, nikashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, na umeme ulipokatika na pasi ikapoa, nilifunga meza mapema nikarudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nitakuta chumba kitupu.

Kabla sijafika langoni nilisikia maji.

Katikati ya ua, kamba ya nguo ilikuwa imevutwa, na juu yake limetundikwa shuka langu la harusi, lile zuri, mpaka chini. Beseni kubwa lilikuwa chini ya shuka, nusu upande huu, nusu upande ule. Mbwa alikuwa ndani ya beseni. Kichwa chake kilitokea upande wa mama, kimejaa povu na huzuni. Mkia wake ulitokea upande wa mume wangu. Mama alikuwa amepiga magoti, anasugua masikio. Mume wangu alikuwa amechuchumaa, anasugua kiuno cha mbwa kwa mikono miwili, ovaroli imelowa mpaka kifuani. Shuka lilikuwa linawapiga usoni wote wawili na hakuna aliyelisogeza.

Nilisimama langoni. Hawakuniona. Hapakuwa na mtu mwingine pale, hapakuwa na wa kupeleka neno.

“Ile kuku ni yangu,” mama aliliambia shuka.

Mume wangu aliacha kusugua. Sijui kama niliwahi kumwona ameogopa vile, hata siku jeki ilipoteleza akiwa chini ya lori. Alikohoa.

“Nayua, mama,” alisema.

Nilishika nguzo ya lango. Mama aliendelea na sikio, ndani, nje, nyuma. Mbwa alitikisa kichwa, povu likaruka. Kisha mama akauliza, na sauti yake haikuwa ya mama mkwe tena, ilikuwa ya mtu aliyechoka tu:

“Unataka niende?”

“Mama,” mume wangu alisema kutoka upande wake wa shuka, “ukienda, minye nitabakia na nani ya kuogopa?”

Nililia pale langoni, kimya, mkono mdomoni, na kikapu cha soko bado kichwani. Mama aliinama, akachota povu machoni mwa mbwa kwa kidole gumba.

“Ongeza maji,” alisema.